Uraibu wa gemu: Lini mchezo hugeuka maradhi?

TANGU Januari 1, 2022, uraibu wa gemu, yaani michezo ya kompyuta na simu, una namba yake katika orodha rasmi ya magonjwa duniani. Namba hiyo ni 6C51, na orodha yenyewe ni toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa linalosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Ugonjwa huo umewekwa katika sura ya magonjwa ya akili, kundi moja na uraibu wa pombe, wa dawa za kulevya na wa kamari.

Kila nchi huchukua muda wake kuhamia katika ainisho jipya, na hospitali zetu zina mzigo mwingine mkubwa wa kubeba. Hata hivyo, kuwapo kwa namba hiyo kuna uzito kwa familia za Musoma, Bunda na Butiama. Kama ilivyo kwingi nchini, kijana aliyezama katika gemu huitwa mvivu, mhuni au mtu aliyechezewa na wabaya wake. Tiba ya kwanza inayofikiriwa ni fimbo, ya pili ni kumnyang'anya simu, na ya tatu ni safari ya kwa mganga. Makala haya yanaeleza ugonjwa huo ni nini, umefikaje katika vitabu vya madaktari, unatofautianaje na kupenda mchezo tu, na kwa nini katika mkoa wa Mara ni vigumu kuutenganisha na ndugu yake wa karibu, uraibu wa kamari.

Dalili zinazoangaliwa

WHO inataja mambo matatu. La kwanza ni kushindwa kujidhibiti: mtu hawezi tena kuamua aanze lini, acheze mara ngapi, kwa muda gani na amalize saa ngapi. La pili ni gemu kupanda daraja, ikawa mbele ya masomo, kazi, usingizi, chakula na watu wa nyumbani. La tatu ni kuendelea kucheza, au hata kuzidisha, wakati madhara yameshaonekana wazi na mchezaji mwenyewe anayajua.

Matatu hayo peke yake hayatoshi. Ni lazima hali hiyo iwe imeharibu kwa kiwango kikubwa maisha ya mhusika, familia yake, elimu yake au kazi yake. Aidha, kwa kawaida iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi, ingawa kipindi hicho huweza kufupishwa endapo dalili zote zipo na ni kali.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba hakuna saa zilizotajwa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wakiwamo walimu na hata baadhi ya watu wa afya. Swali la kwanza linaloulizwa huwa ni saa ngapi kwa siku, na WHO haikuweka idadi. Mwanafunzi anayecheza saa sita kila Jumamosi wakati wa likizo, kisha shule zikifunguliwa akaweka simu chini bila kusukumwa, si mgonjwa. Mwenzake anayecheza saa mbili tu kwa siku, lakini kwa ajili ya saa hizo ametumia fedha ya ada, amekosa mtihani, na amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, huyo anastahili kuonwa na mtaalamu.

Kwa watu wa Mara upo mfano wa karibu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama Aprili 13, 1922, alijulikana sana kwa kupenda bao, na bao si mchezo wa dakika tano. Wachezaji wake hukaa chini ya mti tangu jua kali hadi kivuli kirefu, wamezungukwa na watazamaji, na chai ikapoa pembeni bila kuguswa. Hakuna daktari anayeweza kuliita jambo hilo ugonjwa, kwa sababu kazi inapoita mchezaji huinuka, na kesho yake asipopata mwenza wa kucheza naye halali macho makavu wala hagombani na mkewe. Uwezo huo wa kuinuka ndio unaopimwa katika 6C51.

Kati ya kupenda na kuugua ipo hali ya katikati ambayo ainisho hilo hilo limeipa namba nyingine, QE22. Hiyo ni ya uchezaji hatarishi: bado mtu hajawa mgonjwa, lakini namna anavyocheza inaelekea kumdhuru kiafya, kwa mfano kwa kukosa usingizi au kuacha kula kwa wakati. Nionavyo, vijana wengi wanaolalamikiwa na wazazi wao wako katika kundi hili, au hata hawajalifikia. Hao wanahitaji ratiba na mtu mzima wa kuwasimamia kuliko wanavyohitaji hospitali.

Ulianza kama mzaha

Historia ya ugonjwa huu ina kichekesho chake. Mwaka 1995 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika orodha ya dalili za ugonjwa alioubuni mwenyewe na kuuita uraibu wa intaneti. Alikusudia kuwakejeli wenzake kwa tabia ya vitabu vya tiba kugeuza kila jambo la binadamu kuwa ugonjwa. Badala ya kucheka, baadhi ya waliosoma walimwandikia wakikiri kwamba wanazo dalili hizo. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, aliwasilisha utafiti wake kuhusu jambo hilo hilo bila mzaha wowote, na mwaka 1998 akatoa kitabu.

Wakati huo sehemu kubwa ya Watanzania walikuwa hawajagusa kompyuta, na gemu iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya nyoka katika simu za Nokia. Mjadala ulihamia Korea Kusini, nchi iliyotangulia kuwa na intaneti ya kasi majumbani na katika kumbi za kukodisha kompyuta. Mwezi Agosti 2005, katika mji wa Daegu, mwanamume wa miaka 28 alifariki dunia baada ya kucheza gemu ya StarCraft kwa takriban saa 50, akisimama tu kwenda msalani na kusinzia kidogo. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2011 nchi hiyo ikaweka sheria ya kuwafungia watoto walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilichukua hatua ya tahadhari. Katika toleo la 5 la mwongozo wake, lililotoka Mei 2013, kiliiweka hali hiyo katika sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Kilitaja dalili tisa na kusema mwenye tano kati ya hizo ndani ya mwaka mmoja aangaliwe. Miongoni mwa dalili hizo zimo kuudanganya ukoo kuhusu muda anaocheza, kukosa raha anapozuiwa, na kucheza ili kukimbia huzuni. Mwongozo huo ulirekebishwa mwaka 2022 na hali hiyo ikaachwa pale pale. WHO ndiyo iliyokwenda mbele zaidi: ilitangaza ainisho lake jipya Juni 2018, na Mei 25, 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokutana Geneva ukalipitisha.

Si wote waliopiga makofi. Mwaka 2017 kundi la wanazuoni zaidi ya 20 wa vyuo vya nchi mbalimbali lilichapisha waraka wa kupinga. Walidai kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu, kwamba dalili ziliazimwa mno kutoka uraibu wa dawa za kulevya na kamari, na kwamba mamilioni ya watoto wanaocheza bila tatizo lolote wangeanza kutazamwa kama wagonjwa. Waliongeza hoja nzito zaidi: kwa wengi gemu ni moshi tu, na moto uko kwingine, katika sonona, wasiwasi au maisha magumu ya nyumbani. Waliounga mkono, wengi wao wakiwa madaktari wanaopokea wagonjwa, walijibu kwamba mtu anayekuja kuomba msaada hawezi kuambiwa asubiri hadi wasomi wamalize kubishana.

Takwimu zinaonyesha pande zote mbili zina la kusema. Uchambuzi wa tafiti 53 kutoka nchi 17, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kwamba waathirika ni asilimia 3.05, na tafiti zenye sampuli bora zilipohesabiwa peke yake kiwango kilishuka hadi asilimia 1.96. Wanaume walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, ulioongozwa na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford, ulipata kiwango kidogo zaidi, kati ya asilimia 0.3 na 1 ya watu wote. Kwa hiyo ugonjwa upo, lakini ni wa wachache.

Namna gemu inavyonasa

Mwaka 1998 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwachukua wanaume wanane, wakawapa gemu ya kuendesha kifaru huku wakipiga picha za ubongo wao. Waliona kemikali iitwayo dopamini ikiongezeka katika sehemu ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo, na aliyefanya vizuri katika mchezo ndiye aliyeonyesha ongezeko kubwa. Dopamini yenyewe si sumu. Huongezeka pia kwa chakula na kwa mambo mengine yanayoleta raha. Jambo lililovutia ni kwamba kioo na vidole vilitosha kuiamsha.

Ufundi wa kumrudisha mchezaji kila mara ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepewa punje kila anapobonyeza kitufe huridhika na kupumzika, ila yule anayepewa punje bila mpangilio, mara baada ya kubonyeza mara tatu, mara baada ya thelathini, hubonyeza bila kukoma. Gemu nyingi za simu zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Mchezaji haulizwi fedha anapopakua, kwani gemu ni bure. Huanza kulipa ndani: avatari mpya, silaha, maisha ya ziada, au sanduku lililofungwa ambalo hujui limebeba nini hadi ulilipie. Mwezi Aprili 2018 mamlaka za Ubelgiji zilisema baadhi ya masanduku hayo ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo.

Jambo jingine ni kwamba gemu za zamani zilikuwa na mwisho. Za sasa, hasa zile za mapambano zinazochezwa na makumi ya watu kwa wakati mmoja kama Free Fire na PUBG Mobile, hazina mwisho, na anayezima simu katikati anawaangusha wenzake wa kikosi. Mzazi anayesema "zima sasa hivi" huona ukaidi. Kijana upande wake anaona aibu ya kuwatoroka rafiki zake vitani. Kumpa dakika za kumaliza raundi hupunguza ugomvi mwingi wa jioni.

Mara na ndugu wawili wasiofanana

Katika miji ya Tanzania gemu iliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa banda: chumba kimoja, runinga mbili tatu, mashine za PlayStation, na mpira wa miguu wa kwenye kioo unaolipiwa kwa mchezo. Banda lina ubaya wake, hasa linapopokea watoto wa sare saa za masomo, lakini lina kufuli moja muhimu. Shilingi zikiisha, mchezo umeisha, na usiku mwenye banda hufunga mlango.

Mlango wa pili ni simu, na huo haufungwi. M-Pesa ilianza nchini Aprili 2008, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Simu za kioo ziliposhuka bei katika miaka iliyofuata, vitu vitatu vilikutana katika kiganja kimoja: mchezo, intaneti na pochi. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini nyumbani ipo ya baba, na namba ya siri ya mzazi si siri kwa mtoto anayetumwa kununua umeme kila wiki.

Hapo ndipo kamari ilipopata upenyo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sheria iliandikwa wakati kamari ilikuwa mahali pa kwenda: kasino, duka la kubeti, au mashine za sarafu ambazo mitaani huitwa dubwi. Leo mkeka wa mechi za Ulaya hutandikwa mtu akiwa kitandani. Tena imeingia michezo ambayo kwa macho ni gemu kabisa. Maarufu zaidi ni Aviator, iliyotengenezwa na kampuni ya Spribe mwaka 2019, ambayo vijana huiita kindege. Ndege ndogo inapaa, kizidisho kinapanda, na mchezaji lazima atoe fedha yake kabla haijatoweka. Raundi moja huweza kwisha kwa sekunde chache, na nyingine huanza mara moja.

Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa gemu na kwa kamari, na mkanganyiko huo umevuka hadi kwetu. Ainisho la WHO limevitenga. Uraibu wa kamari ni 6C50, na umetambuliwa na madaktari tangu zamani; Marekani iliuingiza katika mwongozo wake mwaka 1980. Kigezo cha kutofautisha ni dau. Mtu akiweka fedha kwa matokeo asiyoyajua, akitumaini kupata fedha zaidi, hiyo ni kamari hata kama kuna ndege, matunda au mpira katika kioo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mraibu wa gemu hupoteza muda, usingizi, masomo na urafiki. Fedha huondoka, lakini mara nyingi kidogo kidogo, kwa bando na vitu vya ndani ya mchezo. Mraibu wa kamari hupoteza mtaji. Zaidi ya hapo ana imani ambayo mchezaji wa gemu hana: kwamba fedha iliyopotea itarudi akicheza tena. Imani hiyo humpeleka kwenye mkopo, kisha kwenye fedha ya mwajiri, kisha kwenye uongo. Ndiyo maana tiba zao zinaanzia mahali tofauti. Kwa wa kwanza unaanza na usiku, ratiba na mambo mengine ya kumrudishia hamu. Kwa wa pili unaanza na pochi: nani atashika laini ya simu yenye fedha, madeni yako kwa nani, na ni nani ndani ya nyumba anayejua ukweli wote.

Mkoa wa Mara, uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 katika sensa ya mwaka 2022, una mazingira yanayompa nafasi huyu ndugu wa pili. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa kazi hupungua. Hivyo katika mialo ya Musoma na ile ya upande wa Kibara, wilayani Bunda, wapo vijana wenye fedha ya msimu mkononi na siku kadhaa za kukaa bure. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, kipato chenyewe huja kwa bahati: wiki tatu za vumbi tupu, kisha siku moja ya neema. Mtu aliyezoea maisha ya namna hiyo haoni ajabu kusubiri kizidisho kipande. Na Bunda iko katika barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma na mpaka wa Sirari, yenye madereva, wapiga debe na waendesha bodaboda ambao nusu ya kazi yao ni kungoja abiria, simu ikiwa mkononi.

Ng'ambo ya mpaka huo hali imekuwa kali zaidi. Kampuni ya GeoPoll iliwauliza vijana wa miaka 17 hadi 35 wa nchi sita za Afrika mwaka 2017, Tanzania ikiwamo. Asilimia 54 ya wote walisema wamewahi kucheza kamari. Nchini Kenya walikuwa asilimia 76. Julai 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na Aprili 2025 ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30.

Sheria zinaweza nini

Kwa upande wa gemu zisizo na dau, nchi zilizojaribu amri hazikupata mavuno makubwa. Korea Kusini ilifuta sheria yake ya usiku kuanzia Januari 2022, baada ya kuona watoto wamehamia katika simu, ambazo sheria haikuzigusa. China iliweka kikomo cha dakika 90 kwa siku za kawaida mwaka 2019, na Agosti 2021 ikakaza zaidi: saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, kwa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Watafiti waliochambua zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji nchini humo walichapisha matokeo mwaka 2023 na kusema hawakuona ushahidi kwamba amri ya 2019 ilipunguza uchezaji wa kupindukia.

Kwa watoto wadogo sana ushauri ni mwepesi zaidi kuufuata. Aprili 2019 WHO ilisema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Hili linawagusa hasa akina mama wanaompa mtoto simu ili wapate kupika kwa utulivu. Hakuna haja ya kuwalaumu. Lakini wajue kwamba mtoto anayenyamazishwa kwa kioo tangu utotoni hujifunza kwamba kioo ndicho dawa ya kilio.

Mgonjwa anapelekwa wapi

Hakuna dawa ya kumeza iliyoidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, ile inayochunguza mawazo na tabia: mgonjwa hujifunza kutambua saa na hali zinazomvuta, kuvunja mazoea hayo, na kujaza nafasi iliyobaki. Uingereza ilifungua kliniki yake ya kwanza ya taifa kwa ajili ya uraibu wa gemu mjini London Oktoba 2019, na huko pia familia huhusishwa katika matibabu.

Daktari mzuri hataanza na gemu. Atauliza usingizi ukoje, kuna huzuni ya muda mrefu, kijana alianza lini kukosa umakini darasani, nyumbani kumetokea msiba au talaka, anatumia bangi au pombe. Sonona na tatizo la kukosa utulivu na umakini huambatana mara nyingi na uraibu wa gemu, na hivyo vina tiba zake zinazojulikana. Kijana anayechapwa kwa sababu ya gemu huku ana sonona anaadhibiwa kwa kuugua.

Kwa mkazi wa Mara safari huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako ataandikiwa rufaa. Ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma. Kanda ya Ziwa hutegemea Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, ambayo ina idara ya magonjwa ya akili. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma. Watu wengi huogopa jina la Mirembe na kudhani kila anayetafuta msaada wa akili atalazwa huko. Mwenye uraibu wa gemu kwa kawaida hutibiwa akitokea nyumbani.

Kabla ya kwenda, inasaidia sana kuandika katika daftari kwa wiki mbili: kijana alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alicheza nini, alikosa nini kwa ajili ya mchezo, na fedha kiasi gani iliondoka katika simu. Taarifa ya miamala ya simu ndiyo itakayoonyesha upesi kama kuna kampuni ya kubeti nyuma ya kile kinachoitwa gemu. Kumnyang'anya simu kwa nguvu usiku wa manane, bila maandalizi, huleta mapigano na wakati mwingine kijana kutoroka. Ni afadhali simu zote za nyumba, pamoja na za wazazi, zilale sebuleni kuanzia saa iliyokubaliwa. Mtu akianza kusema haoni sababu ya kuishi, hasa aliyepoteza fedha za watu katika kamari, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake njiani.

Tiba ya mazungumzo huhitaji vikao kadhaa, kwa kawaida kimoja kwa wiki, na matokeo hayaonekani katika kikao cha kwanza wala cha pili. Kwa familia inayotoka Kibara au Buhemba, nauli ya kwenda na kurudi kila wiki, ya mgonjwa pamoja na ndugu anayemsindikiza, ipangwe tangu siku ya kwanza, na daktari aambiwe mapema endapo haitawezekana ili apange vikao kulingana na uwezo huo.